Televisheni ya Mzee Kipeta

Tulipomzika Mzee Kipeta kijijini kwake ziwani, kule Kapalamsenga, mtani wake mmoja Mnyamwezi alichomoka katikati ya waombolezaji, akajitupa chali kwenye vumbi mbele ya jeneza, akaanza kufumbua na kufumba mdomo, macho kayatoa. Wageni waliotoka mbali walishtuka, mmoja akaita watu wamsaidie mgonjwa. Sisi tuliomjua marehemu tulicheka mpaka tukashikana mabega. "Maji!" mtani akapiga kelele. "Leteni maji ya ziwa! Mfipa wangu kakaukiwa, na nyie mmesimama tu na rozari zenu!" Akagoma kutoka njiani mpaka watoto wa marehemu walipomletea jogoo, akamkumbatia kama mtoto mchanga, akanyanyuka, jeneza likapita. Ndivyo watani wanavyofanya msibani, na anayewakasirikia hajaelewa kazi yao. Sisi wengine tunamlilia marehemu. Wao wanamrudisha kidogo, alivyokuwa, tumwone mara ya mwisho.

Baadaye tukiwa tumekaa mkekani na sahani za wali, mjukuu wa marehemu, msichana mkubwa anayesoma chuo, akaniuliza, "Bibi, yule mzee alikuwa anaigiza nini? Mbona nyie wa Mpanda mlicheka kuliko wote?" Nikamwambia ale kwanza, habari ya samaki haisikilizwi na mtu anayetafuna. Alipomaliza kula, gari letu likawa linapiga honi. Kwa hiyo namwandikia, na mwingine akitaka asome. Niliishia darasa la nne na sioni aibu. Nina hoteli yangu ya chakula na nyumba ya wageni hapa Mpanda, na waliosoma wanalala kwangu na kuulizia maji ya moto. Habari za baba na mama nazipita. Wapimbwe tunalima mpunga. Nililima mpunga, sikuupenda, nikapanda lori la magunia nikaja mjini. Inatosha.

Hoteli ya Mzee Kipeta ilikuwa kwenye barabara inayotoka stesheni ya treni. Ilikuwa chumba kimoja kirefu, kuta za bluu mpaka kiunoni na nyeupe juu, meza sita na mabenchi. Nyuma kulikuwa na jiko la kuni, na pembeni ya jiko stoo ya dagaa, ndimo nilimolala. Mwaka ule wote nilinuka dagaa, hata kanisani walinipa nafasi. Tulipika ugali kwa mgebuka, samaki wa ziwani, wali maharage, chai na maandazi. Mzee alikuwa mvuvi aliyeumia mgongo, akaacha nyavu kwa mke wake na wanawe kule ziwani, akaja Mpanda kujaribu biashara. Mji haukumwingia. Alikuwa anakaa kwenye kona yake, anatazama barabara, anasema, "Mji usio na maji ya kutazama ni kama chumba kisicho na dirisha." Mimi nilikuwa naona madirisha kila mahali. Nilikuwa na kitanda changu, ufunguo wangu, na Jumapili yangu. Hakuna aliyeniamsha kwenda kufukuza ndege shambani.

Basi Bwana Shabani, mwenye hoteli ya upande wa pili wa barabara, akaleta televisheni. Aliiweka juu ya kabati, akaifunika kitambaa cha kufuma kama meza ya bibi arusi, na saa za mchana akawa anakivua mbele ya watu. Mpira, nyimbo, mieleka. Wateja wetu walivuka barabara mmoja mmoja, wakijifanya wanakwenda kununua sigara. Maandazi yetu yakawa yanalala, yanaamka magumu. Siku moja Mzee akaniita, akaniambia bila kuzunguka, "Yasinta, kiangazi hiki kikiisha hali ikiwa hivi, nafunga. Mimi nyavu zangu zipo. Na wewe Mpimbwe, mpunga wenu upo." Nikamjibu, "Baba, mpunga upo, lakini mimi sipo." Akacheka, lakini maneno yake hakuyarudisha. Tangu siku hiyo kila mteja aliyeingia mlangoni nilimwona kama mtu aliyekuja kunivuta mkono nisizame.

Wazo la tangi lilikuwa lake. "Shabani ana kioo chenye watu wadogo ndani," alisema, "na umeme ukikatika watu wanakufa wote. Mimi nitaleta kioo changu." Fundi wa madirisha akamtengenezea tangi la kioo, refu kama jeneza la mtu mzima, kwa fremu ya chuma na gundi ya vioo iliyokuja na treni kutoka Tabora. Mara ya kwanza lilivuja, chumba kikawa mto, wateja wakala wamenyanyua miguu. Mara ya pili likashika. Kisha Saidi, dereva wa lori la dagaa, akaanza kutuletea vitu kutoka ziwani kila safari: mapipa ya maji, mchanga kwenye gunia, mawe, makombe matupu ya konokono. Watu wa stesheni walimuuliza kama Mzee Kipeta anahamisha ziwa. Saidi akawajibu, "Anahamisha kidogo kidogo, nyie mtakuta mashimo tu."

Mwisho wakaja samaki wenyewe, kwenye ndoo zenye vifuniko vilivyotobolewa. Si wa kula. Hawa ni wale wadogo wa kwenye mawe, ambao wavuvi huwatupa, rangi zao kama khanga. Mzee alikuwa amemwagiza mkewe akamate wawili wawili, dume na jike: wawili weusi wenye mkanda wa njano tumboni, wawili wenye mistari ya bluu na nundu kwenye paji la uso, wawili wembamba wa milia wanaoishi kwenye nyufa, na wawili wadogo kama kidole wanaolala ndani ya makombe ya konokono. Katekista Anselmi, aliyekuwa anakula kwetu kila siku baada ya kufundisha watoto wa komunyo, alivua kofia alipowaona. "Kama safina," akasema. Mzee akavimba kifua. "Ndiyo maana yake. Nuhu hakuwa mjinga. Kila aina wawili, na amani ikakaa."

Amani haikukaa hata mpaka Jumapili. Dume wa mkanda wa njano alimwandama mke wake kutoka pembe hii mpaka ile, hampi nafasi ya kula wala kupumua, tukamkuta amekufa, mapezi yamechanika. Wembamba wa milia wakagombania ufa mmoja wakati nyufa zilikuwa nyingi. Mwenye nundu, mpole yule, anayetembea kama diwani, alikuwa anasimama mbele ya kombe la konokono kimya, kimya, na siku ya nne kombe likawa tupu. Mzee akaleta wengine, tena wawili wawili, na hao wakafa upesi zaidi, kwa sababu wenyeji walikuwa wameshagawana mawe yote. Mgeni akitia pua tu, anafukuzwa. Wateja wa televisheni ya Shabani wakavuka barabara kuja kutuchungulia, wacheke, warudi. "Mzee, leo kanyongwa nani?" Katekista akajitetea, "Safina ilikuwa na mkono wa Mungu. Hapa kuna mkono wa Saidi." Saidi akamwambia, "Mimi nimeleta samaki, sikuleta dhambi." Kicheko kilikuwepo, ila wateja hawakuwepo. Mzee akaanza kumuuliza Saidi lori lake lina nafasi gani ya meza na masufuria.

Sasa niseme nilichokiona, na hiki sikufundishwa na mtu. Kazi ya kuhudumu mezani inakufundisha watu wanavyokaa. Kwetu siku za kawaida, wapakizi wawili wa treni wakiwa peke yao chumbani waliweza kugombana kwa ajili ya benchi, na mabenchi yapo kumi na mawili. "Hapa pangu." "Pako uliandika jina?" Lakini siku ya mnada, watu wamejaa mpaka mlangoni, mtu anakula amebeba sahani mkononi, hakuna ugomvi hata mmoja. Mtu akikukanyaga unageuka, huoni ni nani, unaendelea kutafuna. Na jambo la pili: nikifagia na kumwaga maji sakafuni, nikazihamisha meza zote, wale wale wenye mahali pao walisimama katikati wakishangaa, kisha wakakaa popote, pamoja na watu ambao hawajawahi kukaa nao. Nilikuwa nimeegemea mlango wa jikoni nimeshika mwiko, nikatazama meza, nikatazama tangi, nikaenda moja kwa moja kwenye kona ya Mzee.

"Baba, hawa wenye mkanda, lete wengi."

"Wawili wameuana, nilete wengi wauane wangapi?"

"Akiwa mmoja wa kumpiga, atampiga mpaka afe. Wakiwa ishirini atampiga nani? Akianza na huyu, yule kapita. Hasira ni kama ugali, ukiwagawia wengi kila mtu anapata tonge."

"Na Nuhu?"

"Nuhu alikuwa na mvua ya kumshughulisha. Sisi tuna kiangazi."

Mzee akanigeukia. Alikuwa mtu wa kiburi, na mimi pia, ndiyo maana tulielewana. "Wewe umewahi kuliona ziwa?" akaniuliza. Sikuwahi. Nilikuwa nimetoka kwenye mpunga, samaki niliowajua ni kambale wa kwenye matope. "Sijaliona," nikasema, "lakini wateja wako nawaona kila siku." Akamwagiza Saidi.

Walikuja wengi, pipa zima la mikanda ya njano na ndoo ya wadogo wa kwenye makombe, wakiwa wamebanana kama watu wa treni ya sikukuu. Kabla sijawamwaga, nilikunja mikono ya gauni mpaka begani, nikaingiza mikono kwenye tangi, nikavuruga kila kitu. Jiwe la kushoto nikalipeleka kulia, la chini nikaliweka juu, nyufa za zamani nikaziziba na kufungua mpya. Makombe nikayarundika pembe moja nyuma ya mawe madogo, mahali ambapo mwenye nundu hapitishi kichwa chake. Maji yakawa matope. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu anashika kichwa, "Unaniulia, unaniulia." Nikamwaga wageni. Maji yalipotulia, yule dume muuaji alikuwa anazunguka kama mlevi aliyesahau nyumba yake, na kila alipomtishia mmoja, kundi zima lilipita katikati yao. Mchana ukaisha hajafa mtu. Kesho yake hajafa mtu. Wiki ikapita, nikaanza kulala usingizi mzuri ndani ya dagaa zangu.

Kazi haikuwa ndogo, kijana asidhani ni kutazama tu. Hatukuwa na mashine ya kupuliza hewa. Samaki walipoanza kuja juu kufungua midomo, kama yule mtani mbele ya jeneza, nilichota maji kwa kikombe kikubwa nikayamimina kutoka juu, chini, juu, chini, kama unavyompoozea chai mteja mwenye haraka, mpaka yatoe povu. Wateja wakaanza kunisaidia, kila mmoja anataka zamu. Chapati ndani ya maji nikapiga marufuku. Aliyetupia chapati nilimnyang'anya sahani, hata awe nani. Mikanda ya njano nikawapikia mchicha nikausaga, wenye nundu dagaa waliopondwa. Watu wakasema Yasinta anawapikia samaki vizuri kuliko sisi, nikawaambia samaki hawarudishi sahani wakilalamika chumvi.

Na utani ukaingia, maana Mpanda kila mtu katoka mahali. Wanyamwezi wa relini walimwita mwenye nundu "Mfipa", wakisema lile paji la uso ni la Mzee Kipeta kabisa, na hata uvivu ni wake. Mzee akajibu kwamba wale wa mkanda ni Wanyamwezi, wamejifunga kiuno wabebe mizigo ya watu. Wembamba wa milia wanaojificha wakawa Wakonongo, kwa sababu, walisema, wamezoea msitu. Wadogo wa kwenye makombe, wanaotoa kichwa, wanaangalia, wanarudi ndani, wakawa Wapimbwe, yaani mimi. Watu walikuwa wanakula huku wanatangaza: "Mfipa kaamka!" "Mnyamwezi kampitia Mkonongo barazani, hajapiga hodi!" Leo kwenye hoteli yangu kuna televisheni pana kama mlango, iko juu ukutani inaongea peke yake, na wateja kila mmoja ameinamia simu yake. Hawagombani, nakubali. Lakini wanaweza kukaa meza moja mwezi mzima hawajuani majina. Wakati ule mtu alijua jina lako, la kabila lako, na la samaki wako, na alikutukana kwa yote matatu kabla chai haijapoa.

Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho, vumbi limefunika hata majani ya mchicha sokoni, na hoteli ilikuwa imeanza kujaa nusu. Nusu haitoshi. Mzee alikuwa hajasema anabaki, na Saidi alikuwa bado anatuwekea nafasi kwenye lori. Ndipo mmoja wa majike wa mkanda alipoacha kula. Mchicha unampita mdomoni, haugusi, na kidevu kimejaa chini. Mpakizi mmoja akasema ana jino. Katekista akasema ni matumbwitumbwi. Mzee akainama, akatazama, akanyooka pole pole na mgongo wake mbovu. "Amebeba," akasema. "Watoto wako mdomoni. Hali chakula mpaka awatoe. Nyamazeni, nyie. Asiguse kioo mtu."

Habari ikatembea mji mzima. Mama kafunga mdomo kwa ajili ya watoto, hali, haongei. Wanawake wa sokoni, ambao hawakuwahi kuingia hotelini kwetu, wakaanza kuingia wakiwa na vikapu vyao. "Hajajifungua?" "Bado." "Masikini, kakonda." Wanaume waliovuka kwenda kwenye televisheni wakawa wanapita kwetu kwanza kuuliza, wakishauliza wanakaa, wakishakaa wanaagiza. Lakini mimi nilikuwa naona kitu kingine. Mwenye nundu naye alikuwa anamfuata yule mama, kimya, kimya, kama alivyosimama mbele ya kombe lile. Mzee akataka kumtoa nundu. Nikakataa: ukimtoa ukamrudisha, atakuwa mgeni, vita vianze upya na mama ateme watoto kwa hofu. Mzee akasema, "Wakiliwa mbele ya watu hawa wote, Yasinta, kesho napakia meza." Nikasema, "Pakia."

Ilikuwa mchana, saa ya wali, chumba kimejaa, na ng'ambo kwa Shabani kelele za mpira. Mama akaja karibu na kioo, akatulia, akafungua mdomo. Kikatoka kitu kidogo kama punje ya mchele yenye macho. Kikafuata kingine. Kisha vikamwagika. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele mpaka nikadondosha bakuli. Mtu akakimbia barabarani anaita, "Njooni, anatapika watoto! Njooni!" Nikasikia viti vya Shabani vinaanguka. Waliingia kwa mlango, wengine wakaning'inia madirishani. Na hapo hapo nundu akatoka nyuma ya jiwe. Chumba kizima kikavuta pumzi. Mama hakukimbia. Alishusha kichwa, akafungua mdomo, na wale watoto wote wakarudi ndani mbio, wakisukumana, kama watoto wa shule waliomwona mwalimu mkuu. Mdomo ukafungwa. Nundu akafika, akakuta mama tu, amesimama, anamtazama. Wenzake wa mkanda wakapita kundi zima katikati yao, nundu akageuka, akaenda zake kama diwani aliyekosa kura. Sijasikia kelele kama zile Mpanda, hata siku za sikukuu. Wanyamwezi wakawa wanampiga Mzee Kipeta mgongoni, "Mfipa kashindwa! Mfipa kashindwa na mama wa Kinyamwezi!" na Mzee anacheka na kulia, analalamikia mgongo.

Waliokaa wakaagiza, waliosimama wakaagiza wakiwa wamesimama. Nilikuwa nimebeba sahani tatu kila mkono nilipomwona Bwana Shabani mwenyewe mlangoni, kitambaa chake cha kufuma begani. Kwake kulikuwa hakuna mtu, mpira unacheza bure. Alisalimia vizuri, shikamoo kwa Mzee, akatazama tangi muda mrefu. Kisha akasema, "Mzee wangu, mimi ni jirani. Niuzie hata wawili. Dume na jike."

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko, hata Katekista akakohoa wali. Shabani hakujua kinachochekesha, akabaki anatabasamu huku na huku. Mzee Kipeta akapangusa macho. Akamwonyesha kwa kidole chake, hakumwonyesha tangi, alimwonyesha mimi. "Usiniulize mimi. Mimi sasa ni mpishi wa chai tu. Mwenye samaki ni yule. Na mwenye meza hizi, nikirudi kwa mke wangu, ni yule. Ongea naye." Kisha akamgeukia Saidi aliyekuwa anakula kwenye benchi la mwisho, akamwambia ile nafasi ya kwenye lori aipakie dagaa.

Mtumishi wa hoteli hakai na wateja, hiyo ndiyo sheria ya kila hoteli niliyoijua. Niliweka sahani chini. Nikafuta mikono kwenye aproni. Nikavuta benchi, nikakaa mkabala na Bwana Shabani, nikaegemeza viwiko mezani kama nilivyowaona wanaume wakifanya biashara. "Wawili siuzi," nikamwambia. "Kaa tuzungumze." Halafu nikanyanyua sauti, maana chumba kilikuwa na kelele: "Baba, tuletee chai mbili!" Na Mzee Kipeta akanyanyuka kwenye kona yake, akaileta.